Kisanduku cha Asili: nani alikichora, na kwa nini daktari anakiamini

(Haya ni maongezi niliyotoa ukumbini, nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema, pale nilipojikwaa tu ndo nimepafuta.)

Habari zenu jamani. Naona wengine mmesimama kule nyuma na viti hapa mbele vipo, njooni tu, wa mbele sitawauliza maswali, naahidi.

Nianze na kazi yangu ya kwanza. Nilikuwa muingiza data. Fomu za karatasi zinakuja kwenye bahasha, mi nakaa kwenye kompyuta naziingiza moja moja, umri, jinsia, uzito, presha, halafu kolamu ya saba imeandikwa "asili", yani rangi au kabila la mtu. Namba 1 mpaka 5, na 9 maana yake "mengineyo". Hiyo mengineyo nayo nilikuwa nacheka nayo peke yangu, yani mtu mzima ana baba na mama na babu zake wote halafu kwenye kompyuta yeye ni mengineyo, kama vitu vya kwenye droo ya chini.

Sasa fomu nyingine zilikuja hiyo sehemu ipo wazi. Mtu hakujaza, au nesi hakumuuliza, au alimuuliza akamwangalia tu. Na ile programu ukiacha wazi haikubali kwenda mbele, inawaka nyekundu. Nikamuuliza msimamizi nifanyeje, akaniambia bila hata kugeuka, angalia jina lake kwenye bahasha, utajua. Basi nikawa naangalia jina. Jina likinichanganya naangalia mtaa anakokaa. Karibu wiki tatu nzima mi ndo nilikuwa nawagawia watu asili, kwa kuotea, nikiwa na njaa, nikiwaza saa ya kutoka. Mwaka uliofuata ripoti ikatoka, imepigwa chapa vizuri, ina jedwali la rangi linalosema uwezekano wa kupata presha kwa kila asili, na chini ina asilimia mpaka desimali moja. Nikaangalia lile jedwali nikajua mle ndani kuna mkono wangu, ile otea yangu ya saa kumi jioni sasa imekuwa sayansi, kuna mtu ataisoma ataamini.

Tangu siku ile nikiona jedwali la namna hiyo swali langu la kwanza ni kile kisanduku cha asili kwenye fomu kilijazwa na nani, na kabla ya hapo, kilichorwa na nani. Hayo mawili ndo nataka tuyaongee leo.

Tuanze na neno lenyewe, maana Kiswahili chetu hapa kinatubana kidogo. Hatari. Simba ni hatari, waya wa umeme uliochubuka ni hatari, na mshambuliaji anayefunga kila mechi naye tunasema jamaa ni hatari. Halafu daktari anakuja anakwambia "uko kwenye hatari ya kisukari". Yeye kichwani ana hesabu, kwamba nikichukua watu mia wenye umri na uzito na damu kama yako, kadhaa kati yao watakipata ndani ya miaka kumi na waliobaki wataendelea na mambo yao. Wewe umesikia simba. Mi napendelea kusema uwezekano, ingawa najua neno uwezekano halina meno, ukimwambia mtu una uwezekano anaweza kudhani umemsifia.

Lakini ugumu wenyewe hauko kwenye tafsiri. Ile hesabu ni ya watu mia. Haimjui yeyote kati yao. Inajua tu kwamba kundi likikaa pamoja, wangapi wataanguka, haisemi ni nani. Sasa wewe unatoka mle chumbani umeibeba peke yako, unalala nayo, unaamka nayo, inakuwa sehemu ya jinsi unavyojitambulisha. Unakutana na mtu hajaumwa hata siku moja na anaishi kama mgonjwa, anapima presha asubuhi na jioni, kwa sababu kundi lake limesemwa.

Na hili wazo la kumchukua mtu mzima wa afya ukamwambia anabeba vihatarishi, yani vitu vinavyoongeza uwezekano wa kuumwa, wala si la zamani sana. Mwaka 1948 kwenye mji mdogo wa Framingham, jimbo la Massachusetts kule Marekani, watafiti waliandikisha wanaume na wanawake 5,209 wakawa wanawapima kila baada ya miaka miwili waone nani moyo utamsumbua. Mwaka 1961 wakachapisha makala maarufu iliyotaja presha ya juu na kolesteroli, yale mafuta ya kwenye damu, na kuanzia hapo lugha ya vihatarishi ikaenea dunia nzima. Kazi kubwa, imeokoa watu, siidharau hata kidogo. Ila waliopimwa walikuwa karibu wote weupe, wa mji mmoja, na hesabu zilizotoka pale zikasafiri kwenda kupimia watu ambao hata mmoja wao hakuwemo. Ikaonekana haziwakai vizuri. Na hapo ndo watu wakaanza kusema labda tuongeze kisanduku cha asili.

Sasa tuje kwenye kisanduku. Mtu anadhani kiliwekwa na wanasayansi waliokaa wakaangalia damu. Hapana. Mara nyingi kinatoka kwa karani wa serikali. Angalieni sensa ya Marekani peke yake: mwaka 1890 walikuwa na majina tofauti ya mtu mwenye babu mweusi mmoja kati ya wanne na yule mwenye mmoja kati ya wanane, na karani ndo alitakiwa ajue kwa kumtazama. Mwaka 1930 wakaweka Meksiko kama rangi ya mtu, 1940 wakaitoa. Kwa hiyo kuna mtu alilala akiwa na rangi yake, sensa ilipopita tena rangi haipo. Kuanzia 1920 mpaka 1940 mtu kutoka India aliandikwa rangi yake ni "Mhindu", awe Mhindu kwa dini, awe Muislamu, awe Singasinga, hamna aliyejali. Ilibidi kusubiri mpaka mwaka 2000 ndo mtu aruhusiwe kutiki zaidi ya kisanduku kimoja, yani kabla ya hapo mtoto wa ndoa ya mchanganyiko alitakiwa achague mzazi.

Na msije mkadhani ni mchezo wa makaratasi. Rwanda miaka ya 1930 Wabelgiji walitoa vitambulisho, ndani kila mtu ameandikwa kabila moja, Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Watu waliokuwa wanaongea lugha moja, wanaoana, na mpaka kati yao ulikuwa unaweza kuvukika, sasa mpaka umepigwa muhuri na unarithiwa na mtoto. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari, kwenye vizuizi vya barabarani kilichokuwa kinaulizwa kwanza ni hicho kitambulisho. Sitakaa sana hapo, wengi mnajua na wengine mnajua kuliko mimi.

Haya, sikoseli, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Hii nataka tukae nayo kwa sababu kila mtu anadhani anaijua. Daktari mmoja wa Chicago anaitwa James Herrick ndo aliandika mwaka 1910 juu ya chembe za damu zilizojikunja kama mundu, mgonjwa wake alikuwa mwanafunzi kijana kutoka Grenada. Mgonjwa alikuwa mweusi, waliofuata nao weusi, basi ikaandikwa vitabuni huu ni ugonjwa wa damu ya weusi. Halafu wakaanza kutokea wagonjwa wa asili ya Ugiriki na Sicilia. Sasa hapo mnadhani walisema jamani tumekosea, ugonjwa si wa rangi? Baadhi yao walianza kumtilia shaka mgonjwa, wakasema basi lazima kuna mweusi huko nyuma kwenye ukoo wake. Yani kisanduku kilikuwa kigumu kuliko ushahidi, ushahidi ulipogongana na kisanduku aliyepinda ni mgonjwa.

Jibu lilikuja mwaka 1954, daktari Anthony Allison, yeye alikulia Kenya, alionyesha kwamba mtu aliyerithi nakala moja tu ya ile jeni, maana anayeumwa ni mwenye mbili, anapata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Hapo ramani yote ikajipanga. Jeni ipo Afrika magharibi, kati na mashariki, ipo sehemu za Ugiriki, Uturuki, rasi ya Uarabuni, India. Lakini kule kusini kabisa mwa Afrika, ambako watu ni weusi vilevile, kwa kiasi kikubwa haipo. Ukitafuta kinachounganisha hizo sehemu utakuta ni mbu. Rangi ya ngozi inafuata jua, sikoseli inafuata mbu, na jua na mbu mara nyingi vinakaa pamoja, ndo maana mtu akaona kivuli akadhani ni mti.

Pamoja na hayo, miaka ya 1970 Marekani walipoanza kupima watu kwa wingi, waliobeba nakala moja tu, yani wazima kabisa, walijikuta wananyimwa bima na kazi. Chuo cha jeshi la anga kilikuwa hakiwachukui mpaka mwaka 1981. Ukipewa karatasi inayosema unabeba, mwajiri hasomi mpaka mwisho.

Nilinganishe na wengine. Kuna jamii za Wayahudi wa Ashkenazi, wale wenye asili ya Ulaya ya kati na mashariki, ambako jeni chache za magonjwa zimekuwa nyingi kuliko kawaida, kwa sababu walitoka kwa mababu wachache na walioana wenyewe kwa wenyewe kwa karne nyingi. Mmoja wa magonjwa hayo ni Tay-Sachs, mtoto anazaliwa vizuri, baada ya miezi anaanza kupoteza alichokuwa anakiweza, na kwa kawaida hafikishi miaka mitano. Rabi mmoja, yani kiongozi wa dini ya Kiyahudi, wa New York, Josef Ekstein, alizika watoto wanne kwa ugonjwa huo. Mwaka 1983 akaanzisha mpango, Dor Yeshorim, na mi naona ni wa akili sana. Kijana anapimwa shuleni, jina halitumiki, anapewa namba. Siku akipata mchumba wanapiga simu wanataja namba mbili. Jibu linalorudi ni mnafaa au hamfai, yani wote wawili mnabeba. Basi. Kama ni wewe tu unayebeba na mwenzio habebi, huambiwi, kwa sababu mtoto hatapata ugonjwa na wewe huna haja ya kutembea na jina hilo mgongoni, wala mama mkwe hana haja ya kujua.

Wapo wanaoupinga, wanasema mtu ana haki ya kujua kilichomo mwilini mwake, na nawaelewa. Lakini angalieni ujanja wenyewe: wale watu walijua kwamba habari ya jeni ikishatoka maabara haibaki kuwa habari ya jeni, inageuka jina la ukoo, inageuka nani ataolewa na nani atabaki nyumbani. Wakaitengenezea njia ya kutoka bila kugusa mtu. Ni kipimo cha damu cha namna ileile, kwa wengine kikaleta kufukuzwa kazi, huku kikaleta ndoa salama. Kilichobadilika ni watu walivyojipanga kukizunguka.

Sasa figo. Hapa mnisikilize vizuri maana kuna hesabu, si kubwa.

Figo zikianza kuchoka, kitu kinaitwa kreatinini kinapanda kwenye damu. Maabara wanapima kreatinini halafu kompyuta inapiga fomula inakupa namba, tuseme figo zako zinachuja kwa kiwango hiki. Fomula iliyotumika sana kuanzia 2009 ilikuwa na mstari mmoja unasema kama mgonjwa ni mweusi zidisha kwa 1.159. Sababu waliyotoa ni kwamba kwenye utafiti washiriki weusi walionekana kwa wastani kuwa na kreatinini ya juu kuliko figo zao zilivyokuwa zinafanya kazi kweli, wakakisia ni misuli. Wastani, tena wa watu waliojisema wenyewe ni weusi, kwenye utafiti fulani, nchi fulani.

Wachukue wagonjwa wawili wa kipindi hicho, umri mmoja, jinsia moja, kreatinini ileile. Mmoja anatoka 18. Mwingine, kompyuta imeona kisanduku, 18 mara 1.159, karibu 21. Kule Marekani ili muda wako wa foleni ya kupandikizwa figo uanze kuhesabiwa, kama hujaanza dayalisisi, yani kusafishwa damu kwa mashine, namba lazima ifike 20 au chini. Mmoja saa yake imeanza kutembea leo. Mwingine anaambiwa rudi baada ya miezi sita, figo zako bado zina nguvu. Na kama baba mweusi mama mweupe, inazidishwa au haizidishwi? Fomula haikuwa na nusu. Aliyeamua ni yule aliyekaa kwenye kompyuta, mwenzangu wa kolamu ya saba.

Mwaka 2021 kamati ya wataalamu wa figo ikapendekeza fomula mpya isiyouliza rangi kabisa, na mwaka 2023 hospitali za upandikizaji zikaamriwa zirudi kwenye mafaili ya wagonjwa weusi zitafute siku ambayo saa ingeanza kama asingezidishiwa, warudishiwe muda wao. Maelfu wamerudishiwa, wengine miaka. Hebu fikiria unapokea barua inakwambia miaka miwili ya foleni yako ilikuwa imeliwa na desimali.

Mapafu nayo yana historia hiyohiyo, nitaipitia haraka. Kile chombo unachopuliza kupima pumzi, kwa miaka mingi kilikuwa na swichi au menyu ya rangi, ukiwa mweusi kinashusha kiwango cha kawaida kwa asilimia 10 mpaka 15, kwa hiyo pumzi ambayo kwa mwingine ingeitwa ugonjwa, kwako inaitwa kawaida. Ukifuata hilo wazo linakotoka unafika kwa Samuel Cartwright, daktari wa kusini mwa Marekani aliyetetea utumwa. Huyohuyo mwaka 1851 aliandika kwamba mtumwa anayetoroka anaumwa, na huo ugonjwa wa kutoroka akaupa jina la Kigiriki. Mimi huwa narudia hii kwa sababu inanisaidia, nikiona jina gumu la kitaalamu najiuliza kwanza nani ananufaika nikiitwa mgonjwa. Mwaka 2023 ndo chama cha madaktari wa kifua cha Marekani kikapendekeza kipimo kisichouliza rangi.

Saa nyingine kundi zima linageuzwa kihatarishi mchana kweupe. Mwaka 1983, ukimwi bado haueleweki, Wamarekani walitaja makundi manne ya hatari, na moja lilikuwa Wahaiti. Yale mengine matatu yalihusu mambo ambayo watu wanafanya au tiba waliyopewa. Hili lilikuwa ni mahali ulipozaliwa. Watu walipoteza kazi, watoto walipigwa shuleni. Kwenye orodha wakatolewa 1985, lakini Februari 1990 mamlaka ya dawa ikawakataza kuchangia damu. Aprili 1990 Wahaiti na wenzao makumi ya maelfu wakaandamana New York, wakavuka daraja la Brooklyn kwa miguu, na kabla mwaka haujaisha katazo likafutwa. Ukitaka kuona kihatarishi kinavyojenga utambulisho, ni ile siku. Nadhani wengi wao kabla ya hapo walikuwa wanajiona watu wa vijiji tofauti, wenye pesa na wasio na pesa, hawasalimiani. Kwenye lile daraja walikuwa Wahaiti.

Sasa najua kuna mtu hapa anajiandaa kuniuliza, kwa hiyo tufute kisanduku tumalize? Na hapa ndo nasema mwenyewe sina raha kabisa.

Kile kidude cha kubana kidoleni kinachosoma oksijeni, kinapitisha mwanga kwenye ngozi. Mwaka 2020, katikati ya korona, watafiti wa Michigan walilinganisha kidude na kipimo cha damu yenyewe wakakuta wagonjwa weusi walikuwa na uwezekano karibu mara tatu kuliko weupe wa kuambiwa oksijeni iko sawa wakati iko chini. Mara tatu. Miaka yote kidude kinatumika kila wodi. Na wamejuaje? Kwa sababu kwenye mafaili kulikuwa na kisanduku. Kingekuwa wazi, wasingeona kitu, namba zingechanganyika zikatoka nzuri, wastani mzuri kabisa.

Kwa hiyo mi siko upande wa kufuta. Naona kisanduku kinafaa kuulizia huyu mtu ametendewa nini, kidude kimemsoma vipi, amesubiri muda gani, amepewa dawa ya maumivu au amenyimwa. Kikianza kujibu huyu mtu ni nini ndani ya figo zake, hapo kimezidi mshahara wake. Mtaalamu wa jenetiki Richard Lewontin alishapiga hesabu mwaka 1972, karibu asilimia 85 ya tofauti za kijenetiki alizopima ziko ndani ya kundi lilelile, baina ya wewe na jirani yako mnayeitwa jina moja. Kilichobaki baina ya makundi ni kidogo, kipo, kinaonekana ukikitafuta, lakini ndo hichohicho tumekijengea nyumba nzima.

Na hizi kampuni za kupima asili kwa mate kwenye kichupa, unatuma unarudishiwa asilimia za asili yako. Watu wengi wananiuliza. Kampuni inalinganisha DNA yako na ya watu walio hai leo waliomo kwenye hifadhi yake, haijaongea na babu wa babu yako. Wakiongeza watu kwenye hifadhi, asilimia zako zinabadilika na wewe upo tu umekaa. Kuna rafiki yangu aliamka akakuta kwenye simu kwamba ile asilimia 12 aliyokuwa ameshaanza kujifunza lugha yake imefutwa. Nikamuuliza sasa utaacha? Akasema hapana, ameshalipia mpaka mwisho wa muhula, na mwalimu wake anamsifia matamshi.

Haya, muda wangu umeniishia, naona taa nyekundu inawaka pale. Mikono naiona, tuanze na dada wa mwisho kule mwenye daftari, halafu mzee wa katikati.